Je, Wajua? Mizuka ya Kasri la Leap

Kasri la Leap limo katika Kaunti ya Offaly, katikati ya Ireland. Wapenzi wa hadithi za mizuka hulitaja miongoni mwa majengo yanayotisha kuliko yote nchini humo.

Je, wajua kwamba mmoja wa mizuka yake ni padri? Kasri lilikuwa la ukoo wa O'Carroll. Mkuu wao, Mulrooney, alipofariki mwaka 1532, jamaa zake walianza kugombea utawala. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini Leap hapakuwa na mapatano. Inasimuliwa kwamba padri wa ukoo huo alikuwa akiendesha misa ndugu yake alipoingia na upanga, akamuua mbele ya altare. Chumba cha misa hiyo hadi leo huitwa Kikanisa cha Damu.

Je, wajua kwamba ndani ya kikanisa hicho mlikuwa na shimo la mauti? Lilikuwa limefichwa pembeni. Aliyetumbukizwa humo aliangukia vyuma vyenye ncha kali, na asipokufa papo hapo aliachwa afe kwa njaa. Shimo liliposafishwa karibu na mwaka 1900, inasemekana mifupa iliyotolewa ilijaza mikokoteni mitatu, na katikati yake ikakutwa saa ya mfukoni iliyotengenezwa miaka ya 1840. Wakati huo O'Carroll walikuwa wameshaondoka kitambo. Kasri liliangukia mikononi mwa familia ya Darby katika karne ya 17. Basi ama mtu alitupwa humo baada yao, ama kuna aliyeangusha saa yake akichungulia.

Je, wajua kwamba mzuka unaoogopwa zaidi tuliusikia kwa mtunzi wa riwaya? Mildred Darby, mke wa mwenye kasri, aliandika riwaya kwa jina la Andrew Merry. Mwanzoni mwa karne ya 20 alieleza katika jarida la mambo ya mizimu jinsi alivyokutana na kiumbe chenye ukubwa wa kondoo, uso unaofanana na wa binadamu, na harufu ya maiti inayooza. Tofauti na padri, kiumbe hiki hakina kisa cha kifo wala jina la marehemu. Shahidi wake mkuu ni yuleyule aliyezoea kubuni visa kwa kalamu.

Je, wajua kwamba kasri liliteketezwa na watu walio hai? Lilichomwa moto mwaka 1922, Ireland ikiwa vitani yenyewe kwa yenyewe, likabaki gofu kwa miongo kadhaa.

Je, wajua kwamba sasa ni makazi ya watu? Mwaka 1991 lilinunuliwa na mpiga filimbi wa muziki wa jadi wa Ireland, akalikarabati na kuishi humo na familia yake. Wageni wakafunguliwa mlango, wenye kuamini mizuka na wasioamini.