Feza ya Wenye Kuumizwa na Vita

Mara nyingi watu huwauliza makatekista: Leta haina baba wala mama, basi mtu akichukua feza yake, amemwibia nani? Swali hili si la mchezo, na hapa Kisangani jibu lake linaonekana waziwazi.

Tangu tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji huu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa inahesabu raia waliokufa kati ya 244 na 760, na waliojeruhiwa kupita 1.000. Kongo ilikuwa imeishtaki Uganda kule La Haye juu ya vita yote, na tarehe 9 Februari 2022 majuji waliamua Uganda ilipe dola milioni 325, kwa mafungu matano, milioni 65 kila mwaka. Katika hizo, milioni 225 ni juu ya watu waliouawa na kuumizwa. Leta ikaunda mfuko unaoitwa FRIVAO, makao yake Kisangani, ili feza ifikie wenye haki.

Basi feza hii ina mwenyewe: ni mjane, ni yatima, ni mtu aliyekatwa mguu.

Mwaka 2025 likatokea neno la gereza. Kwamba Kisangani inahitaji gereza jipya, hakuna anayebisha. Lile la zamani limejaa kupita kiasi. Constant Mutamba, aliyekuwa minisitiri wa haki, alipatana na kampuni ya ujenzi, na dola milioni 19 hivi zikatoka katika FRIVAO kuingia katika konti ya kampuni ile. Mshitaki mkuu alisema kazi ilitolewa bila kushindanisha makampuni. Tarehe 17 Juni Mutamba alijiuzulu. Tarehe 2 Septemba Korti ya Kasasio ikamhukumu miaka mitatu ya kazi za nguvu. Yeye alikana, akisema ni hila ya siasa.

Lakini tuseme gereza lingejengwa vizuri, tofali juu ya tofali. Je, neno lingekuwa safi? Hapana. Feza iliyotolewa kwa damu ya mtu haigeuzwi kuwa ukuta bila yeye kuulizwa, hata ukuta uwe na faida namna gani.

Wengine watauliza sababu gani wakubwa huponyoka mara nyingi. Kifungu cha 166 cha Katiba kinasema minisitiri hashtakiwi mpaka Bunge likubali kwa wingi wa wabunge wote. Kinga hii ilikusudiwa kulinda kazi, si mtu. Lakini depite akimwogopa mwenzake, au akimhitaji kesho, mlango unabaki umefungwa. Safari hii ulifunguliwa. Juu ya Matata Ponyo na shamba la Bukanga-Lonzo mambo yalikuwa marefu zaidi: mwaka 2021 Korti ya Katiba ilisema haina uwezo wa kumhukumu, na Mei 2025 korti hiyohiyo ikampa miaka kumi, nao wakubwa wa Bunge wakanung'unika kwamba hawakuombwa ruhusa.

Inabaki kurudisha. Hapo mapadri tunajua kazi yetu katika kitubio: anayeungama wizi huulizwa mali iko wapi na mwenyewe ni nani. Zakayo hakuahidi kuirudishia ofisi ya kodi ya Yeriko. Aliahidi kuwarudishia wale aliowadhulumu. Dola zile milioni 19 zikirudi katika sanduku la Leta tu, mjane wa Kisangani bado hajalipwa.