Chemirocha Ipi Iliyo Bora?

Wanafunzi wangu wawili, mmoja wa Kericho na mwingine wa Bomet, wamezozana wiki nzima: Chemirocha ipi iliyo bora? Mwaka 1950, huko Kapkatet, Hugh Tracey alirekodi nyimbo tatu za Kikipsigis zenye jina hilo, ambalo asili yake ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933 na ambaye santuri zake zilifika hadi kwenye nchi ya majani chai.

Kikipsigis hakitenganishi “j” na “ch”. Jimmie akawa Chemi, naye Rodgers akawa Rocha. Isitoshe, Che- ni kiambishi cha majina ya kike, mathalani Chebet. Dume la Kimarekani likavishwa jina lenye mlio wa kike!

Yule wa Bomet anashikilia wimbo wa kwanza, wa wanaume wawili, Bekyibei arap Mosonick na Cherwo arap Korogem. Mwenzake anautetea wa tatu, wa wasichana, ambao ndio uliovuma ughaibuni. Nami nauchagua huo wa tatu, ingawa wengi wanaousifu huko hawaelewi hata neno moja.

Linalonikera ni jingine. Katika orodha ya rekodi hizo wanaume wana majina yao. Katika wimbo unaopendwa zaidi ametajwa Chemutoi Ketienya peke yake; wenzake wameandikwa “wasichana wa Kipsigis” basi. Waliobaki hai ni ajuza sasa. Walimu wa Bureti, watumeni wanafunzi wakawaulize nyanya zao nani aliimba siku ile, na wayaandike majina hayo mwaka huu.