Maji ya ziwa hayapigi kelele: somo la Kasenyi na Tchomia kwa koperative za Iga Barrière



Sisi wa Iga Barrière tuko juu, kwenye barabara ya taifa nambari 27, kama kilomita 25 kaskazini ya Bunia. Ziwa Albert hatulioni kutoka hapa. Lakini siku ya soko liko mbele yetu: samaki ya chumvi, samaki ya kukausha, na wale mama wanaopandisha mizigo kutoka Kasenyi na Tchomia, halafu wanashuka na unga wa mihogo na maharagi yetu. Ziwa likiugua, soko letu linakohoa.

Ndiyo maana tulishuka kule kuongea na wakulima na wavuvi juu ya mafuriko. Tulifikiri tunaenda kufundisha. Tulirudi na daftari iliyojaa mambo tuliyofundishwa, pamoja na kosa letu moja ambalo tutalieleza hapa chini.

Maji iko mbili

Tulipoketi barzani, swali la kwanza lilikuwa hili: mafuriko inatoka wapi? Wengine walisema mvua. Wengine walisema Waganda wamefungua maji. Mzee mmoja mvuvi akakata maneno: "Vijana, maji iko mbili. Ya mlima inakuja na makelele, asubuhi imeisha kwenda. Ya ziwa inakuja kimya, halafu inakaa."

Mzee alisema kweli. Nyuma ya vijiji vya pwani kuna ule mteremko mkali unaoshuka kutoka milima ya Djugu na Irumu. Mvua kubwa ikinyesha huku juu, mito inateremka mpaka bondeni kwa masaa machache tu. Inabomoa nyumba, inabeba mbuzi, halafu inapita. Hayo ni maji ya mlima.

Maji ya ziwa ni kitu kingine. Ziwa Albert linapokea mto Semliki kutoka kusini, na Nile inayotoka Ziwa Victoria kupitia Ziwa Kyoga inaingia upande wa kaskazini. Kumbukeni mwisho wa mwaka 2019: upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto kupita kawaida, na mvua ikamwagika kwa wingi Afrika Mashariki yote. Mwezi wa tano 2020, Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja. Lilivuka kidogo alama ya 1964, ile ambayo wazee walikuwa wanaihesabu kuwa mwisho. Ziwa likijaa namna hiyo, Uganda inalazimika kuachilia maji mengi zaidi pale Jinja, na maji hayo yanashuka mpaka Albert.

Kwa hiyo wale waliosema "Waganda wamefungua maji" wana kipande cha ukweli. Lakini si kwa ubaya wala kwa ajili ya kumfukuza mtu. Chungu kikijaa, kinamwagika. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu katika Ituri yetu, uvumi mmoja unaweza kuharibu kuliko maji yenyewe.

Jambo la kushika ni hili: maji ya ziwa yanasafiri wiki nyingi, hata miezi. Ziwa linaweza kupanda wakati mbingu ni safi na jua linawaka. Asiyelijua hilo atalala usingizi.

Kosa letu

Msimu mmoja tulishauri kundi la akina mama kupanda mihogo kwenye udongo mweusi wa bonde, karibu na ziwa. Udongo ulikuwa mzuri kweli. Lakini hatukuuliza maji ya 2020 yalifika wapi. Ziwa likapanda polepole, udongo ukalowa, mihogo ikaoza chini kabla haijakomaa. Muhogo hauvumilii kusimama ndani ya maji. Siku chache tu, mizizi inaanza kuharibika.

Mama mmoja alituambia bila hasira: "Agronomu, mungetuuliza, tungewaonyesha." Kisha akatupeleka kwenye mti wa muembe na kutuonyesha mstari wa matope ya zamani kwenye gome. Alama ilikuwa pale siku zote. Sisi ndio hatukuiangalia.

Mambo matano ya kufanya

*Kwanza, tafuteni alama za zamani.* Muulize mzee: 2020 maji ilifika nyumba gani, mti gani, kanisa gani? Pigeni rangi pale. Kisha pimeni mteremko. Kama kutoka ukingoni ardhi inapanda mita 1 kwa kila mita 100 za kutembea, ziwa likipanda sentimita 10 tu, maji yataingia mita 10 ndani ya kijiji. Likipanda nusu mita, yataingia mita 50. Hesabu hii mtoto wa shule anaweza kuifanya.

*Pili, simamisheni mti wa kipimo.* Chukueni mti mgumu, uchoreni alama kila sentimita 5, uchomekeni mahali pasipopigwa na mawimbi. Mtu mmoja asome kila asubuhi saa ile ile na kuandika kwenye daftari. Siku moja haisemi kitu, kwa sababu upepo unasukuma maji huku na huku. Lakini mkiona alama inapanda wiki tatu mfululizo, itisheni kikao.

*Tatu, kila zao na sehemu yake.* Chini kabisa, panapolowa, ni mahali pa mpunga na mateke. Katikati, pandeni vitu vya kuvuna haraka: maharagi, mahindi ya muda mfupi, viazi vitamu. Hivyo mnaweza kuvitoa katika miezi mitatu au minne. Mihogo na migomba viende juu ya alama ya 2020. Na yale mafunjo na matete ya ukingoni msiyamalize kwa kukata wala kuchoma. Yanavunja nguvu ya mawimbi na kushika udongo.

*Nne, mbegu zikae pahali pawili.* Mafuriko ikichukua mavuno, ni njaa ya msimu mmoja. Ikichukua mbegu pia, ni njaa ya misimu miwili.

*Tano, choo na maji ya kunywa.* Pwani yetu inaijua kipindupindu. Maji yakiingia chooni, yanatoka na ugonjwa. Chimbeni choo mbali na juu, chemsheni maji au tieni dawa ya klorini. Mtu akianza kuharisha, mpeni maji yaliyochemshwa: lita 1, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Wakati anakunywa, apelekwe kituo cha afya.

Na sisi wa juu?

Mtu anaweza kusema: wahame tu, wapande mlimani. Si rahisi namna hiyo. Tangu mwisho wa 2017, familia nyingi za Djugu zilikimbia vita zikashuka pwani, na zingine zikavuka ziwa mpaka Uganda. Kumwambia mtu arudi pale alipokimbia bunduki kwa sababu ya maji, inabidi kwanza umwonyeshe shamba na usalama.

Lakini kuna vitu koperative ya Iga inaweza kufanya bila kungojea mtu. Kwanza, kuweka sehemu ya mbegu za wenzetu wa ziwani kwenye depo yetu, kwa maandishi, na mashahidi wa pande mbili. Pili, kupokea habari ya mti wa kipimo kwa simu kila wiki, na kuisoma kwenye mkutano. Ziwa likipanda, tutajua mapema kwamba samaki itapungua na kwamba wageni watafika.

Tatu, kutunza milima yetu wenyewe. Maji ya mlima yanayobomoa nyumba bondeni yanaanza kwenye mashamba ya huku juu yaliyolimwa kufuata mteremko, na kwenye mashimo ya dhahabu yaliyoachwa wazi. Na bustani zetu za bondeni hapa Iga zinazama kwa sababu ile ile. Tuchimbe mitaro ya kukata mteremko, tupande majani ya tembo kwenye kingo zake: mifugo italishwa na udongo utabaki. Salongo ya asubuhi moja kwa wiki, tukiifanya msimu wa kiangazi, itakuwa imefika mbali mvua za mwezi wa tatu zikianza.

Tulipoagana, yule mama wa mihogo alitufungia samaki kwenye jani na kutupa kazi: tumtafutie vijiti vya mihogo vyenye afya, atavipanda juu ya ule mstari wa muembe. Koperative zenye vijiti safi, leteni habari kwenye mkutano unaokuja. Deni hili ni letu sisi maagronomu, lakini tunaomba mtusaidie kulilipa.