UZI: Ile ahadi ya kurudisha sura za viongozi kwenye sarafu

Kila kampeni hukosi kuisikia hii: "Walifuta historia yetu kwenye pesa. Tukiingia, sura za mashujaa zinarudi." Umati unashangilia. Tusome Katiba kwanza.

Kifungu cha 231(4): noti na sarafu zinaweza kuwa na picha zinazoashiria Kenya, lakini zisiwe na picha ya sura ya mtu yeyote. Mtu YEYOTE, si marais pekee. Mpigania uhuru hapana, mwanariadha hapana, hata aliyeshinda Nobel. Anayekuahidi sura anakuahidi kubadilisha Katiba, na hiyo haifanywi kwa amri ya Ikulu.

Mbona tukaandika hivyo? Kumbuka sarafu za zamani. Rais wa kwanza alikuwa kwazo, wa pili akaweka sura yake, wa tatu akatokea kwa ile ya shilingi 40 ya mwaka 2003, halafu 2005 wa kwanza akarudishwa. Pesa ni ya umma, lakini ilikuwa inafuata aliye kitini.

Sarafu mpya zilizinduliwa Desemba 2018, miaka minane baada ya Katiba. Twiga kwa shilingi moja, kifaru kwa kobole, simba kwa ashu, ndovu kwa mbao. Upande wa pili ni nembo ya taifa.

Wanyama wenyewe hawajatajwa kwenye Katiba. Ukiona twiga hakuwakilishi, huo ni mjadala halali kabisa na hauhitaji kugusa Katiba. (Mimi ningeweka jembe na wavu wa samaki, lakini nani aliniuliza?)

Sasa huu uvumi unaoumiza watu: "sarafu za zamani ziliisha." Zii. Iliyokufa ni noti ya zamani ya 1000, tarehe 1 Oktoba 2019. Watu wakachanganya. Benki Kuu ilipozindua sarafu mpya ilisema za zamani zinaendelea kutumika pamoja nazo. Na Jedwali la Sita la Katiba linasema wazi kwamba kifungu hicho cha sura hakiondoi uhalali wa pesa zilizotolewa kabla yake.

Kwa hivyo makanga akikataa ashu yako yenye sura ya rais, hana msingi. Na yule anayezunguka kijijini akiwaambia wazee "nitawasaidia, niuzie hizo sarafu kwa nusu bei kabla hazijafungwa" ni mwizi. Waambie nyumbani mapema.