Nafuu ya Sola Nairobi Haiji kwa Hundi

Kila bili ya stima inapopanda, swali huwa lile lile kuanzia Lavington hadi Kangemi: je, serikali humrudishia pesa mtu aliyeweka sola na betri nyumbani kwake? Jibu fupi ni hapana. Hakuna mpango wa kumtumia mkazi wa Nairobi hundi wala M-Pesa baada ya fundi kushuka paani. Lakini nafuu ipo, na si haba. Hutolewa kabla vifaa havijakufikia, bandarini na katika hesabu za muuzaji, kisha nyingine huja baadaye kupitia mita. Asiyejua inakopitia huilipa kwa jina lingine bila kufahamu.

Wengi wanaouliza huwa wamesikia ya nchi za watu. Afrika Kusini, kuanzia Machi 1, 2023 hadi Februari 29, 2024, iliwapunguzia walipa kodi asilimia 25 ya bei ya paneli mpya, isizidi randi 15,000. Betri na inveta hazikuhesabiwa. Marekani ilikuwa ikiwaondolea wenye nyumba kodi ya kiasi cha asilimia 30 ya gharama, betri zikiwemo, hadi sheria iliyotiwa sahihi Julai 2025 ilipoamua kwamba nafuu hiyo ikome mwishoni mwa mwaka huo. Hapa kwetu, ruzuku imeelekezwa kwingine. Mradi wa KOSAP, ulioidhinishwa mwaka 2017 kwa dola milioni 150 za Benki ya Dunia, uliwekewa kaunti 14 ambazo nyaya za gridi hazijaenea, zikiwemo Turkana, Mandera na Tana River. Nairobi haimo.

Kinachomhusu mkazi wa jiji ni kodi kwanza. Chini ya utaratibu wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, vifaa maalumu vya kuzalisha umeme wa jua havitozwi ushuru wa kuingiza bidhaa. Upande wa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, mambo yamekuwa ya kupanda na kushuka. Msamaha uliondolewa Aprili 2020, bei zikapaa, kisha Sheria ya Fedha ya 2021 ikaurudisha kuanzia Julai mwaka huo. Sheria inataja paneli, vidhibiti vya chaji, inveta na betri za kuhifadhi umeme wa jua. Mwaka 2023 betri za sola na za lithiamu zikapandishwa daraja zaidi, zikawekwa kwenye orodha ya bidhaa zinazotozwa VAT ya asilimia sifuri.

Msamaha na sifuri si kitu kimoja, ingawa katika hali zote mbili mteja haoni VAT kwenye risiti. Muuzaji wa bidhaa ya asilimia sifuri anaweza kudai mamlaka ya mapato, KRA, imrudishie VAT aliyolipa yeye mwenyewe kwenye usafiri, ghala na pango la duka. Wa bidhaa iliyosamehewa hawezi, kwa hiyo gharama hiyo huifukia ndani ya bei. Ndiyo maana kila Juni, Mswada wa Fedha unapojadiliwa, kuhamishwa kwa betri kutoka orodha moja hadi nyingine kunaweza kubadilisha bei bila mtu kutangaza kodi mpya. Tena zipo tozo ambazo msamaha wa VAT hauzigusi, kama ada ya tamko la uagizaji na ushuru wa maendeleo ya reli. Anayekuambia vifaa vyake vimeingia bila kulipiwa hata senti anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Sasa tuichukue karatasi yenyewe ya bei. Tuseme nyumba ya Kileleshwa imepewa makadirio ya paneli sita za wati 550, inveta ya kilowati 5, betri ya lithiamu ya uniti 5 (kilowati-saa), pamoja na reli za paani, nyaya, swichi za usalama, waya wa ardhini na kazi ya fundi. Jumla ni shilingi 600,000. Chini kabisa pameandikwa: VAT asilimia 16, shilingi 96,000. Hapo ndipo pa kusimama. Ikiwa paneli, inveta na betri ni shilingi 430,000 kati ya hizo, VAT halali inaangukia shilingi 170,000 zilizobaki, yaani shilingi 27,200. Tofauti ni shilingi 68,800. Hiyo ndiyo nafuu yako, na mstari mmoja wa hesabu umeimeza.

Dawa yake ni kumwomba muuzaji atenganishe kila kifaa na bei yake, na kazi ya mkono peke yake. Bei moja ya "kila kitu ndani" inapendeza macho lakini haikaguliki. Kisha dai risiti ya eTIMS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa KRA. Kwenye risiti hiyo kila bidhaa huwa na herufi ya kodi: A ni iliyosamehewa, B ni ya asilimia 16, C ni ya asilimia sifuri. Ukiona B mbele ya paneli, uliza kabla ya kulipa, si baada. Ukinunua kwenye vibanda vya Luthuli Avenue unaweza kupata bei ya chini, lakini bila risiti hiyo huna ushahidi wa kodi wala mahali pa kuanzia siku betri yenye dhamana ya miaka kumi itakapozima mwaka wa tatu.

Nafuu ya pili iko kwenye mita. Sheria ya Nishati ya 2019 inamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuomba mpango wa kubadilishana umeme na msambazaji, na kanuni zake zilichapishwa mwaka 2024. Hapo awali, kuuza ziada kulihitaji mkataba wa kuuziana umeme, kama ule wa Chuo Kikuu cha Strathmore kule Madaraka na Kenya Power kwa mfumo wake wa kilowati 600. Sasa mlango umefunguliwa kwa nyumba pia, ila kwa masharti. Hulipwi fedha taslimu. Unaandikiwa uniti za kupunguza bili. Na kwa kila uniti unayotoa, unahesabiwa nusu. Ni kama kumpa jirani madebe mawili ya mahindi akuwekee, halafu akakuruhusu kuchukua moja.

Nusu hiyo ndiyo inayoamua kama betri ina maana. Tuseme uniti moja, pamoja na tozo zote, inakugharimu shilingi 28. Mchana mmekwenda kazini na shuleni, paneli zinazalisha, na uniti tano hazina mtumiaji. Ukizitoa kwenye gridi chini ya mpango huo, unaandikiwa mbili na nusu, thamani ya shilingi 70. Ukiziweka kwenye betri, unapata takriban nne na nusu za kutumia usiku, kwani nyingine hupotea njiani; hizo ni shilingi 126. Betri inakuzidishia shilingi 56 kwa siku, karibu 20,000 kwa mwaka ikiwa inajaa na kumalizika kila siku. Kama huna mpango wa kubadilishana umeme, uniti zile tano zingepotea bure, kwa hiyo betri inaokoa shilingi 126 zote, karibu 46,000 kwa mwaka. Gawanya bei ya betri kwa kiasi kinachokuhusu, upate miaka ya kurudisha pesa yako. Kisha punguza matarajio kidogo: Juni hadi Agosti mawingu ya Nairobi hukaa hadi adhuhuri, na betri haitajaa kila siku.

Hesabu hiyo haijatia ndani usiku kama ule wa Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, ikapotea tena Novemba na Desemba mwaka huo huo. Anayefanyia kazi nyumbani au kuhifadhi dawa kwenye friji atalipa zaidi ili asikae gizani, na ana haki. Ila ajue betri ya uniti 5 ni ya taa, friji, runinga na intaneti. Shawa ya stima inayovuta kilowati 5 itaimaliza kwa saa moja, na inveta ya kilowati 5 itakuwa imefika kikomo kabla mtu hajawasha birika jikoni. Ipe shawa laini yake ya Kenya Power, au pasha maji kwa jua moja kwa moja juu ya paa.

Na usirudishe umeme kwenye gridi kabla ya kuidhinishwa na kubadilishiwa mita. Baadhi ya mita za kielektroniki huhesabu umeme unaotoka kama umeme uliotumika, hivyo unaipa Kenya Power stima yako na kuilipa juu yake. Kubwa zaidi, laini inayodhaniwa imezimwa inaweza kumuua fundi aliye kwenye nguzo. Mwambie anayekufungia aweke inveta isitoe ziada mpaka karatasi zikamilike, na akuonyeshe leseni yake ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Kwa mfumo wa nyumba wenye inveta ya gridi, daraja la fundi unalotaka kuona ni T3. T1 na T2 ni za mifumo midogo.

Nafuu ya tatu husahaulika. Riba ya mkopo uliochukua kununua au kuboresha nyumba unayoishi mwenyewe hupunguzwa kwenye mapato kabla ya kutozwa kodi, na tangu mwishoni mwa Desemba 2024 kiwango cha juu ni shilingi 360,000 kwa mwaka. Mkopo uwe umetoka kwenye taasisi zilizotajwa na sheria ya kodi ya mapato. Mkopo wa simu hauingii. Ikiwa unakarabati nyumba na sola imo kwenye kazi hiyo, mwombe afisa wa benki aandike lengo la mkopo wazi, kisha mwonyeshe mshauri wa kodi kabla ya kuwasilisha ritani.

Wanaoishi kwenye maghorofa ya Kilimani na Westlands wana kizingiti kingine. Chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020, paa ni mali ya wote, hata kama uko ghorofa ya juu na umeinunua nyumba yako taslimu. Huwezi kupandisha paneli bila idhini ya chama cha wamiliki. Njia yenye faida kwa wengi ni chama chenyewe kuweka sola ya pampu za maji, lifti na taa za ngazi, kwa sababu matumizi hayo huendelea mchana, na akiba yake hupunguza ada ya huduma ya kila mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kutoa malipo ya awali, kusanya bili za miezi 12 na uandike ni kiasi gani cha stima nyumba yako hutumia kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Kama ni kidogo sana, nunua paneli chache na betri ya wastani, upanue baadaye. Kama ni kingi, paneli zitajilipa zenyewe hata bila betri. Msamaha wa kodi unaweza kubadilika Juni ijayo. Mfumo unaofaa matumizi yako hautategemea bunge kukulipa.