Unapiga dawa, au dawa inakupiga?

Mwezi huu naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 1998 nilikuwa muuguzi kijana katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Jumamosi moja usiku aliletwa kijana kutoka milimani, amebebwa kwenye machela ya miti hadi barabarani, kisha kwenye gari la mizigo. Alikuwa ametota jasho, mate yanamtoka mfululizo, anatapika, na misuli ya uso inachezacheza. Ilikuwa masika, na wodi ilijaa wagonjwa wa malaria. Nikamtundikia dripu ya kwinini kama wenzake, nikamfunika blanketi. Shati lake sikumvua.

Baada ya saa tatu akapita tabibu mmoja mzee. Akammulika tochi machoni: mboni zilikuwa zimesinyaa kama ncha ya sindano. Akainama, akanusa shati. Kisha akaniuliza, "Sista, huyu leo alikuwa anafanya kazi gani?"

Sikujua, kwa sababu sikuwa nimeuliza. Mama yake, aliyekuwa amekaa sakafuni karibu na mlango, ndiye aliyejibu: tangu asubuhi alikuwa anapiga dawa kabichi. Na chupa ya dawa hiyo ilikuwamo ndani ya kikapu chake muda wote. Tulimvua kijana, tukamwosha mwili mzima kwa sabuni, akachomwa sindano za atropini moja baada ya nyingine hadi mate yakakauka. Alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini kwa saa tatu nilikuwa nimemfunika blanketi pamoja na sumu yake.

Tangu usiku ule, mgonjwa yeyote akija kwangu namwuliza kazi yake kabla ya kumpima joto.

Wengi wetu tukisikia "afya mahali pa kazi" tunafikiria kiwanda: mashine, kofia ngumu, kengele ya zamu. Hapa Morogoro tunavyo viwanda, na tunayo mashamba ya mkonge. Watafiti waliopima vumbi katika viwanda vya katani nchini mwetu waliona kwamba wanaosugua singa hupata vumbi jingi na hukohoa zaidi. Hilo ni jambo zito na nitaliandikia siku nyingine. Lakini sehemu kubwa ya waamini wetu hawapigiwi kengele yoyote. Mahali pao pa kazi ni kipande cha mlima: Mgeta, Nyandira, Langali, Tchenzema, Bunduki, ambako kabichi, karoti, njegere, viazi mviringo na nyanya hulimwa kwenye miteremko ambayo mgeni huogopa hata kuipanda. Mboga hizo huliwa mjini Morogoro na Dar es Salaam.

Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na upo Wakala wa kuisimamia, OSHA. Sheria humtaka mwajiri amkinge mfanyakazi wake. Sasa katika shamba la ukoo huko Uluguru mwajiri ni nani? Ni mama mwenye ardhi? Ni mjomba? Ni mume aliyekopa fedha za mbegu? Anayebeba bomba mara nyingi ni kijana wa nyumbani au kibarua wa siku moja. Kwa miaka yangu yote sijamwona mkaguzi akipanda mlima kumtazama huyo.

Basi tutazame kinachompata. Bomba la mgongoni hubeba lita 15 au 20. Likivuja kidogo tu kwenye kifuniko, dawa hushuka mgongoni, hulowesha shati na kaptula, na kukaa hapo hadi jioni. Dawa nyingi za wadudu ni za jamii iitwayo oganofosfeti. Hizi hupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda. Zikishaingia mwilini huzuia kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu, nayo mishipa hubaki ikipiga tu bila kupumzika. Ndiyo maana mate na machozi hutoka, tumbo husokota, mboni husinyaa, misuli hutetemeka, na mwisho kifua hushindwa kuvuta pumzi. Kipimo kidogo huleta kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Sasa niambieni, ni nani milimani ambaye akiona dalili hizo hatasema ni malaria? Wengine husema wamerogwa, hasa wakiugua watu wawili waliofanya kazi katika shamba moja la ndugu. Nimeshuhudia ndugu wakihasimiana miaka kwa sababu ya bomba lililovuja.

Mwaka 2007 ulitolewa utafiti wa wataalamu wetu kuhusu wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania. Katika kila wakulima 100, 68 walisema wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kupiga dawa. Kama theluthi moja walichanganya dawa za aina mbalimbali katika bomba moja, wala hapakuwa na maelekezo yoyote, kwenye lebo au kwa bwana shamba, ya namna ya kuzichanganya. Utafiti ule haukufanywa Uluguru, lakini ninavyowajua watu wetu sioni kwa nini huku kuwe afadhali. Na wataalamu waliokusanya taarifa za dunia nzima walikadiria mwaka 2020 kwamba watu milioni 385 hudhurika kila mwaka na viuatilifu bila kukusudia, na kama 11,000 kati yao hufa.

Lugha yetu nayo inatuponza. Tunasema "kupiga dawa", na dawa ni kitu cha kuponya. Mtu hawezi kuogopa dawa. Wataalamu wanasema "viuatilifu", neno zuri ambalo sijamsikia mkulima akilitamka. Mimi kwenye mafundisho nasema sumu. Mwanzoni watu walikasirika kidogo, kama vile nimewatukania riziki yao.

Hapa ndipo Kanisa linapoingia, wala sisemi hivi kwa kuwa ninaandika katika gazeti la Jimbo. Nitafuteni mahali pengine ambapo mama mwenye shamba, kijana wa bomba, mwenye duka la pembejeo na dalali wa kabichi hukaa kwenye benchi moja kila wiki. Hakuna, isipokuwa kigangoni na kwenye jumuiya ndogondogo. Kule kaskazini-magharibi mwa nchi watafiti walilipima jambo la namna hii katika vijiji 16, na matokeo yakatolewa mwaka 2017. Serikali ilikuwa inahamasisha tohara ya wanaume ili kupunguza maambukizi ya Ukimwi. Katika nusu ya vijiji, viongozi wa makanisa walipewa semina ya siku moja. Nusu nyingine wakabaki na uhamasishaji wa kawaida. Palipokuwa na semina zaidi ya nusu ya wanaume walijitokeza. Kwingine walikuwa kama 30 katika 100.

Lakini tusidhani kwamba kutangaza baada ya Misa kunatosha. Wazee wa Matombo wanakumbuka mradi wa ngazi za udongo wa miaka ya 1950. Serikali ya kikoloni ilikuwa na hoja kuhusu mmomonyoko wa ardhi, lakini iliileta kwa amri na adhabu, tena ngazi zenyewe zilifukua udongo usio na rutuba. Julai 1955 watu walifanya ghasia, polisi wakafyatua risasi na mtu akafa, na mradi ukaachwa. Mluguru haambiwi tu, huongeshwa.

Niliongea hivyo na jumuiya moja huko juu. Nilikwenda nimeandaa orodha niliyofundishwa chuoni: glavu, miwani, barakoa, buti, ovaroli. Baba mmoja akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sista, hivyo vyote ni bei ya kabichi ngapi?" Watu wakacheka. Nikafunga daftari langu.

Tukaanza upya na vinavyowezekana. Kwanza, bomba lisivuje: mpira wa kifuniko ni wa bei ndogo kuliko dripu moja. Shati la mikono mirefu na suruali viwe vya kazi hiyo peke yake, na vikae nje ya nyumba. Upepo uwe nyuma yako. Pua ya bomba ikiziba usiipulize kwa mdomo. Itoboe kwa unyasi. Usile wala kuvuta sigara kabla ya kunawa. Ukimaliza oga kwa sabuni siku hiyohiyo, usingoje Jumapili. Tazameni rangi iliyo chini ya lebo: nyekundu ndiyo kali kuliko zote, ikifuatiwa na njano, kisha buluu, kisha kijani. Anayepimiwa dawa kwa kizibo cha soda kutoka kopo kubwa dukani hana lebo ya kutazama, kwa hiyo asinunue. Na maziwa, ambayo wengi huyanywa wakiamini yanaosha sumu, hayaioshi. Wapeni watoto.

Kina mama wa WAWATA waliniongezea mambo ambayo sikuyafikiria. Wao ndio wanaochota maji ya kuchanganyia, na jioni ndio wanaofua zile nguo, mara nyingine katika beseni la nguo za mtoto. Mmoja alisema mume wake akirudi shambani humbeba mtoto kabla hajabadili nguo. Mwingine akakiri kwamba chupa ya dawa, baada ya kuisuuza, huwekea mafuta ya taa, na aliwahi kumwona jirani akiijaza maji ya baraka. Chupa hiyo haisafishiki. Itobolewe, isitumike tena, wala isitupwe mtoni. Mto Mgeta huingia Ruvu, na maji ya Ruvu yananywewa Dar es Salaam.

Iko sababu nyingine ya kufungia dawa hizi kwa kufuli, ambayo sitaiandika kwa urefu. Wenye moyo mzito nyumbani wasiwe nazo karibu.

Kisha mzee mmoja, aliyekuwa kimya muda wote, akaomba kusema. Alisema ana tuta moja pembeni ya shamba ambalo halipigi dawa kamwe. Hilo ni la kula yeye na wajukuu. Mengine ni ya kuuza. Kila dawa ina idadi ya siku zinazotakiwa kupita kati ya kupiga na kuvuna, imeandikwa kwenye lebo. Yeye huijua, lakini dalali akifika na lori leo, kabichi hukatwa leo, hata kama zilipigwa juzi. "Na siku ya mavuno," akasema, "zile ninazopeleka altareni nazichuma kule kwenye kubwa kubwa."

Nilitazama katekista, naye akatazama chini. Hakuna aliyecheka. Baadaye mama mmoja akauliza kama Amri ya Tano inamhusu mtu usiyemjua anayekula mboga yako Kariakoo. Wakabishana hadi giza likaingia. Wengine wakasema mnunuzi ndiye anayetaka kabichi isiyo na tundu, na asiyepiga dawa hauzi. Nao wana haki, sisi wa mjini tunachagua kwa macho. Walichokubaliana ni kimoja tu: siku dalali anapokuja zipangwe na wakulima kwa pamoja, ili asiwepo anayelazimika kukata kabla ya siku kutimia. Sijui kama dalali atakubali. Paroko ameahidi kuongea naye, maana ni muumini wetu.

Nimalizie na la dharura. Mtu akizidiwa shambani, mwondoeni hapo. Mvueni nguo zote, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, nanyi mjikinge mikono hata kwa mifuko ya nailoni. Akiwa hana fahamu mlazeni ubavu. Msimtapishe, msimpe maziwa wala mafuta. Mkimbizeni kituo cha afya, na mchukue chupa au lebo ya dawa aliyokuwa akiipiga. Mkifika, msingoje kuulizwa. Mpeni sista chupa mkononi.