Sahani ya Padri Secchi katika maji ya Kivu

Kifaa chenyewe hakina lenzi wala kioo. Ni sahani ya upana wa sentimita 20, robo mbili nyeusi na mbili nyeupe, iliyofungwa kwenye kamba yenye alama za mita. Watafiti wa Ziwa Kivu, wakiwemo wa chuo cha ualimu cha ISP Bukavu wanaopimia eneo la Ishungu, huitumia kujua mwanga wa jua unazama hadi wapi.

Aliyeianzisha ni Padri Angelo Secchi, mtaalamu wa nyota wa Roma na Mjezuiti, wa shirika lile lile lenye Kolegi Alfajiri mjini Bukavu. Aprili 1865, akiwa ndani ya Immacolata Concezione, meli ya Papa, alishusha sahani nyeupe baharini na kuangalia zinapotelea wapi. Rangi mbili zilikuja mwaka 1899, kazi ya Mmarekani George Whipple.

Mpimaji huinama upande wa mtumbwi wenye kivuli, ili mng'ao wa jua usimpoteze, akateremsha sahani polepole mpaka isionekane. Anasoma kamba. Kisha anaivuta mpaka ichomoze tena, anasoma mara ya pili, na wastani wa vipimo viwili ndio jibu. Mwanga umeshuka, umegonga sahani, umerudi kwenye jicho, na safari nzima maji yalikuwa yakiupunguza: sehemu inamezwa, sehemu inatawanywa na mwani na chembe za udongo. Rangi nyekundu huisha mapema.

Kivu ina kina cha mita 485 hivi, lakini sahani hupotea katika mita chache tu za juu. Chakula cha ziwa hutengenezwa huko huko juu: mwani huishi kwa mwanga, vidudu hula mwani, na sambaza, samaki aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, hula vidudu. Kiangazi upepo hukoroga maji, rutuba hupanda, mwani huongezeka. Kwa hiyo maji maangavu mno, yanayomfurahisha mgeni hotelini, si lazima yawe habari njema kwa mvuvi.

Sahani ina upungufu wake. Mto Kahuwa unapomwaga tope ziwani baada ya mvua, haiwezi kusema kilichoificha ni udongo au mwani. Hapo sharti maji yachotwe, yatazamwe kwa hadubini.

Walimu wa fizikia wa Bukavu, mfuniko wa ndoo, rangi mbili, jiwe la kuuzamisha na kamba vinatosha kwa somo la mwanga. Chagueni saa sita mchana, ziwa likiwa limetulia, na kila mwanafunzi avae jile la kuokoa maisha kabla ya kupanda mtumbwi.